Maneno ya Mzee Nestory

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapasha mabati ya mtaa wa Maisaka, Babati, Hanifa alikuwa ameshafungua stesheneri ya mama yake, amefagia, amefuta vumbi juu ya printa na kuwasha kompyuta. Kompyuta ile ilikuwa nzee na ilichukua muda kuamka. Hanifa hakuona tabu. Muda huo aliutumia kuutazama mlima Kwaraa kupitia mlangoni, hasa siku ambazo wingu limekaa kileleni, akajiona anatembea ndani ya lile wingu na viatu vyake vimelowa. Mama yake alizizoea safari hizo. Alikuwa akisema, "Hanifa ameshaondoka. Hapo mnaongea na kiti."

Kibao cha mlangoni kiliandikwa Mama Sabaha Stesheneri. Sabaha alikuwa dada yake Hanifa, mkubwa kwake kwa miaka minane. Kwa kuwa yeye ndiye aliyetangulia kuzaliwa, mama akaitwa kwa jina lake, duka likaitwa kwa jina la mama, na Hanifa wa darasa la saba akaambulia ufagio. Ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe, ingawa ukweli ni kwamba alichapa kwa kasi kuliko mama yake, na mama alijua.

Kazi za duka zilikuwa barua, fotokopi za vyeti, picha ndogo za vitambulisho, na wasifu wa marehemu. Mtu akifariki, siku ya mazishi ndugu yake mmoja husimama mbele ya waombolezaji akasoma marehemu alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, aliugua nini na ameacha watoto wangapi. Familia za Nakwa, Mutuka na Maisaka zilileta karatasi zilizoandikwa kwa mkono, na mama au Hanifa wakazichapa. Hanifa alizipenda kuliko kazi nyingine zote. Kila ukurasa ulikuwa njia ya kuingia katika maisha ya mtu, naye aliingia bila kubisha hodi.

Wachapaji wa mjini wana njia yao ya mkato. Hufungua wasifu wa zamani uliopangwa vizuri, wakafuta jina na tarehe, wakaandika vya marehemu mpya. Mama Sabaha naye alifanya hivyo, ila alikuwa na sharti moja. "Kwanza toa nakala, ndipo ubadilishe," alimwambia Hanifa mara nyingi. "Faili la mtu usiliguse."

Mama huyohuyo, kwa upande wa majina ya mafaili, alikuwa ovyo kabisa. Mteja akimharakisha alibonyeza herufi zozote zilizokuwa karibu na vidole na kuhifadhi. Ndani ya kompyuta kulikuwa na mafaili zaidi ya elfu sita, na mamia kati yao yaliitwa "mpya", "mpya2", "hii hapa" au "jjkk". Likizo ya Juni, Sabaha aliporudi kutoka Arusha alikokuwa anasomea mambo ya kompyuta, aliyatazama akacheka mpaka akakaa chini.

Kisha alifungua dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe, lile ambalo unaandika amri na kompyuta inatii. Ndani yake akaweka programu ndogo iitwayo fzf.

"Hiki ni kitafutio," alimwambia Hanifa. "Hakikudai jina kamili. Andika vipande unavyokumbuka, hata kama umeruka herufi. Tazama."

Aliandika herufi tatu. Orodha ya mafaili elfu sita ikayeyuka yakabaki arobaini. Akaongeza herufi moja, yakabaki matano, na pembeni yakaonekana maneno yaliyomo ndani ya kila faili. Hanifa alibonyeza mshale wa kushuka, na kila alipobonyeza, maisha ya mtu mwingine yalipita mbele ya macho yake: fundi cherehani wa Nakwa, mwalimu mstaafu, bibi aliyefuga nyuki. Alikaa pale mpaka chai ikapoa.

"Hicho cha kwanza ni kile ambacho programu inadhani unakitaka," Sabaha alimwonya. "Inadhani tu. Soma kabla hujabonyeza Enter." Hanifa aliitikia, lakini wakati huo alikuwa tayari kwenye mizinga ya yule bibi.

Siku zilezile za Juni, Mzee Nestory wa Mutuka alianza kuja dukani. Alikuwa mkulima mwenye asili ya nyanda za juu za Mbulu, mrefu, macho yakiwa yamefifia, na aliingia akipapasa mlango kwa fimbo. Alitaka kuandikiwa wasifu wake mwenyewe.

"Mzee, mbona u mzima?" mama alimuuliza.

"Ndiyo maana nimekuja," alijibu. "Nikishakufa sitaweza kutamka. Watoto wangu wananipenda, Mama Sabaha. Mtu anayekupenda haandiki kweli tupu juu yako. Atapaka mafuta. Mimi nataka isomwe kama nitakavyosema."

Alikuja mara tatu. Alikaa kwenye benchi, akasema polepole kwa ile lafudhi nzito ya kwao, na mama akachapa. Hanifa alisikiliza akisahau kufunga mdomo. Mzee alisimulia jinsi alivyoshuka kutoka Mbulu akiwa mtoto, akiswaga ng'ombe wa baba yake, na jinsi walivyofika juu ya kilima akaliona ziwa Babati kwa mara ya kwanza. Alidhani ni kipande cha mbingu kimeanguka, watu wakasahau kukiokota. Hanifa alikwenda naye. Alisikia kwato, alisikia vumbi kooni, na alipoliona lile ziwa moyo wake ulipaa, ingawa yeye amelala na kuamka karibu na ziwa hilo maisha yake yote.

Katika siku ya tatu mzee alisema habari za mdogo wake, Melkiadi. Walikuwa wamepakana mashamba, na hawakuwa wamesalimiana kwa miaka kumi na moja. Aliyoyasema hapo aliyasema kwa sauti ya chini sana. Alipomaliza, alimwomba mama ahifadhi faili vizuri, akatoka akipapasa mlango kama alivyoingia.

Sasa tufike kwenye kosa. Mwezi wa saba, ndugu wa bibi mmoja wa Nakwa aliyeitwa Benadetha walileta karatasi ya wasifu. Mama alikuwa ametoka. Hanifa alifungua dirisha jeusi kutafuta wasifu mzuri wa kuigia, na faili la kwanza lililokaa mbele yake lilikuwa la Mzee Nestory. Akabonyeza Enter. Akasoma tena habari za kile kilima na wale ng'ombe, akaondoka kama kawaida yake, na aliporudi kwenye kiti wateja walikuwa wamesimama wanasubiri. Akafuta haraka, akaandika ya Bibi Benadetha, akachapisha, akahifadhi. Hakuwa ametoa nakala.

Alipogundua, jioni ilikuwa inaingia na mama alikuwa anafunga madirisha. Faili la Mzee Nestory lilikuwa na jina la Mzee Nestory, lakini ndani yake alikuwamo Bibi Benadetha peke yake.

Hanifa aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alitaka kusema. Kisha akajiambia kwamba mzee ni mzima, ana nguvu, amemwona juzi tu sokoni akichagua mbegu za mbaazi. Atasema kesho. Kesho ikawa keshokutwa, na wiki tatu zikapita bila yeye kusema neno.

Jumamosi hii niliyoanza nayo, kompyuta ilikuwa ndiyo kwanza imewaka, mama na Sabaha, ambaye likizo yake ilikuwa haijaisha, wakiwa wamefika na chupa ya chai, mara akaingia mwanamke aliyejifunga khanga nyeusi. Macho yake yalikuwa yamevimba. Alikuwa Genoveva, binti mkubwa wa Mzee Nestory.

"Shikamoo, mama," Hanifa alisema.

"Marahaba, mwanangu." Genoveva alikaa kwenye benchi. "Mama Sabaha, baba ametutoka juzi. Tunamzika leo saa nane, kule nyumbani Mutuka."

Mama alimshika mikono. "Pole sana, dada yangu. Poleni wote."

"Tumeshapoa. Alituachia neno moja tu. Alisema maneno yake yako kwako, yasomwe yote, tusiongeze wala tusipunguze. Hatujui alisema nini. Hata baba mdogo Melkiadi tumempelekea habari, na amekubali kuja. Sijui kama angekubali kwa jambo jingine."

"Yapo," mama alisema. "Hanifa, mtafutie mama yako kwa hicho kidude chenu."

Hanifa aligeukia kompyuta. Aliandika herufi za jina la mzee, na faili likaja mbele mara moja, jina safi kabisa, na pembeni yake yakaonekana maneno ya Bibi Benadetha wa Nakwa. Alisogeza kiti ili mgongo wake uzibe skrini.

"Kompyuta inasumbua kidogo," alisema. "Mnaweza kunywa chai kwanza."

Mama akammiminia Genoveva chai, Sabaha akatoka mbele kumhudumia mteja wa fotokopi. Hanifa akafungua ukurasa mtupu. Alikuwa amesikiliza mara tatu na kusoma mara nyingi. Atayaandika yeye, na hakuna atakayejua.

Ya ziwa yalikuja yenyewe. Aliandika kilima, vumbi, ng'ombe, kipande cha mbingu. Yalitiririka vizuri, na kwa dakika chache alisahau hata kuogopa. Kisha akasoma alichoandika, akaona ameweka ndege weupe wanaoruka juu ya maji. Mzee Nestory hakutaja ndege hata mmoja. Wale ndege walikuwa wa Hanifa.

Aliwafuta, akaendelea hadi kwa Melkiadi. Hapo vidole vikasimama. Alikumbuka kwamba mzee alikiri kuhamisha minyaa, ile miti iliyopandwa kuonyesha mpaka wa mashamba, usiku mmoja wa kiangazi. Alisema hatua saba, au tisa? Lilikuwa shamba la juu au la bondeni? Na alisema alihamisha wakati Melkiadi yuko wapi? Hanifa alijaribu kuisikia ile sauti ya chini, akaisikia ikisema saba, kisha akaisikia ikisema tisa, zote mbili kwa lafudhi ileile.

Alitazama nyuma. Genoveva alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa, akisubiri maneno ya baba yake. Watu wangesimama makaburini wangesikia hatua tisa, na ndugu wawili wangeenda kupima ardhi kwa idadi iliyotoka kichwani mwa mtoto wa stesheneri. Hanifa akaufunga ule ukurasa bila kuuhifadhi.

"Mama," alisema. "Wasifu wa babu haupo. Niliandika ya mtu mwingine juu yake. Sikutoa nakala. Nilijua tangu siku ileile, nikanyamaza."

Genoveva aliweka kikombe chini taratibu. Mama alimtazama Hanifa kwa jicho ambalo mtoto yeyote angependa zaidi kuchapwa kuliko kutazamwa nalo.

"Na hayo uliyokuwa unaandika sasa hivi?"

"Nilikuwa nayatunga. Nimeshindwa."

Genoveva alifuta uso kwa ncha ya khanga. "Kwa hiyo yamepotea," alisema, si kwa hasira, na hilo lilimuumiza Hanifa zaidi.

Sabaha alikuwa amesimama mlangoni na karatasi za fotokopi mkononi. Akaingia, akaziweka mezani. "Ngoja kwanza. Umesema uliandika juu yake? Basi jina lake halitusaidii tena. Tungelitafuta mpaka jioni, lingetuletea Bibi Benadetha kila mara." Alivuta kiti. "Mama, yule mzee uliwahi kumchapishia chochote? Hata karatasi moja?"

Mama alifumba macho. "Nilimchapishia. Alitaka ajaribu kusoma mwenyewe, nikamkuzia maandishi mpaka herufi moja ikawa na ukubwa wa kidole. Hakuweza hata hivyo, akaniambia nizichane zile karatasi." Akafumbua macho. "Lakini yale makubwa nilihifadhi kwa faili jingine."

"Uliliitaje?"

Mama alitazama pembeni. "Mwanangu, kulikuwa na foleni."

Sabaha hakucheka safari hii. Alifungua dirisha jeusi na kuandika mstari mrefu wa amri. Alieleza huku akiandika kwamba kitafutio hakijali kama unakilisha majina au kitu kingine; basi leo angekilisha maneno yote yaliyomo ndani ya mafaili yote, mstari kwa mstari. Kompyuta ilinguruma kwa muda. Kisha sehemu ya kuandikia ikaja, tupu, na chini yake idadi ya mistari iliyozidi laki mbili.

"Kaa hapa," alimwambia Hanifa, akampisha kiti. "Mimi sikuwapo dukani alipoongea, na mama akichapa maneno hayamkai kichwani. Wewe ndiye uliyesikia. Nipe vipande."

Hanifa aliandika "ziwa". Mistari mia tatu na kitu ikabaki, barua za wavuvi, matangazo ya mikutano, shule yenye neno hilo katika jina lake. Akaweka nafasi, akaandika "mbingu". Ikabaki minane, mingi ikiwa maombi ya kanisani. Alifumba macho kidogo. Safari hii hakwenda popote. Alikaa palepale kwenye benchi la mwezi wa sita, akamsikiliza mzee anavyovuta pumzi kabla ya neno. Akaandika "okot".

Ukabaki mstari mmoja. Hanifa hakubonyeza. Alisoma kwanza, neno kwa neno, kisha akasoma jina la faili pembeni, ambalo lilikuwa "jjkk3", kisha akamgeukia dada yake.

"Ni yeye," alisema. "Hakuna ndege."

Faili lilifunguka kwa herufi kubwa mno, kurasa ishirini na mbili. Mama alizipunguza zile herufi, akasoma mwisho wake kwa macho tu, akabonyeza kuchapisha. Printa ikatoa kurasa tatu. Genoveva alizipokea kwa mikono yote miwili, akazikunja ndani ya khanga bila kuzisoma. Hanifa alipiga goti mbele yake.

"Nisamehe, mama."

"Inuka," Genoveva alisema. "Umeniogopesha, sikufichi. Lakini umenirudishia baba. Mtakuja kuzika?"

Walikwenda wote watatu kwa bajaji ya jirani. Mutuka siku hiyo ilikuwa na upepo mwepesi, mbaazi zikiwa zimekauka mashambani na kutoa mlio mdogo kila zilipoguswa. Watu walikuwa wengi. Genoveva alisimama kando ya jeneza akasoma, na Hanifa alisikia kila neno likikaa mahali pake: mvua iliyokataa mwaka aliozaliwa, ng'ombe, kile kilima, kile kipande cha mbingu. Baadhi ya wazee walitabasamu huku wanalia.

Kisha Genoveva akafika ukurasa wa tatu, na sauti yake ikapungua.

"Mdogo wangu Melkiadi alipokuwa Mbulu akimuuguza mama yetu, mimi nilihamisha minyaa ya mpaka wa shamba la bondeni. Nilisogeza hatua kumi na mbili upande wake. Aliporudi akaniuliza, nikamwita mwongo mbele za watu. Leo niko mbele za watu. Hatua kumi na mbili ni zake, na mwongo nilikuwa mimi."

Kumi na mbili. Hanifa alishika mkono wa dada yake. Si saba wala tisa. Idadi sahihi haikuwa imepita kichwani mwake hata mara moja.

Mzee mfupi mwenye koti la kijivu, aliyekuwa amesimama peke yake nyuma kabisa, alivua kofia. Watu walimpisha njia bila kuambiwa. Alitembea mpaka kwenye jeneza, akaweka kiganja juu ya mbao, akaongea kwa lugha yao ya nyumbani, kwa muda mrefu na bila haraka, kama watu wanavyoongea waliokutana njiani baada ya miaka mingi. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, akachukua chepe mwenyewe.

Wakati wa kurudi walitembea kwanza, maana bajaji ilikuwa imebeba wazee. Jua lilikuwa limelegea na mlima Kwaraa ulionekana wote, bila wingu. Walipofika mahali njia inapokuwa nyembamba, mama akamwacha Sabaha atangulie.

"Una hasira na mimi?" Hanifa aliuliza.

"Ninayo. Kesho itakuwa imepungua." Mama alipunguza mwendo. "Nitakwambia jambo, na usiende mbali nikiwa naongea. Kichwa chako kinaweka vitu vya ajabu. Leo, duka zima, wewe peke yako ndiye uliyekuwa na maneno matatu ya yule mzee, na maneno matatu yalitosha kumtafutia. Hayakutosha kumwandikia. Ungeandika, ungetuzikia mtu mwingine."

Hanifa aliinama. "Nilikaribia."

"Ulikaribia, ukaacha. Ila kumbuka kilichotufungulia njia. Dada yako ana ujuzi, kompyuta ina nguvu, na vyote viwili vilikuwa vinatafuta pasipo na kitu mpaka uliposema ulichofanya. Ukificha kosa, hata anayetaka kukusaidia unampoteza. Kosa la kuhifadhi ovyo ni la mikono, na mimi ninalo pia. Jumatatu tutaanza kuyapa majina yale mafaili, mimi na wewe. Lakini zile wiki tatu za kunyamaza zilikuwa zako, na mzee angeweza kuondoka na neno lake, Melkiadi akabaki mwongo mpaka kufa."

"Nikikosea tena nitasema siku hiyohiyo, mama."

"Utakosea," mama alisema. "Useme asubuhi, kabla ya chai."

Akamshika bega, wakaharakisha kumfikia Sabaha.